Mkono Uliolala Huamshwa kwa Kazi



Mimi si daktari. Ni mtumishi wa serikali. Nitasema nililojifunza nyumbani kwetu.

Kaka yangu alikuwa mchimbaji wa dhahabu Geita. Asubuhi moja mdomo wake ulikwenda upande, ulimi ukawa mzito, mkono na mguu wa kulia vikakosa nguvu. Wapo waliosema karogwa. Kumbe ni kiharusi: mshipa wa damu kichwani huziba au hupasuka, na mara nyingi chanzo ni shinikizo la damu. Kaka hakuwahi kupimwa.

Alitibiwa, akaletwa kwetu Shinyanga. Hapo ndipo tulipokosea. Kwa huruma tulimlisha, tukamvalisha, tukambeba. Baada ya miezi mitatu vidole vilikuwa vimejikunja. Mtaalamu wa viungo alipomwona alituambia, "Mnamsaidia mno."

Alitueleza kwamba sehemu ya ubongo iliyokufa haifufuki, lakini iliyo hai yaweza kujifunza kazi yake ikizoezwa mara nyingi. Mgonjwa akitumia mkono mzima tu, ule dhaifu husahau kazi. Kwa hiyo Edward Taub wa Marekani alibuni njia ya kuuzuia mkono mzima. Matokeo ya jaribio la wagonjwa 222 yalitolewa huko mwaka 2006: waliovaa glovu mkono mzima kwa wiki mbili, huku wakifanya mazoezi, walipata nafuu kuliko wenzao, nayo ikadumu mwaka mzima. Lakini humfaa yule tu ambaye kiganja na vidole vyake bado vinasogea kidogo.

Vya kaka vilisogea. Tukamvalisha soksi mkono wa kushoto, tukamwekea ungo wa pamba achambue: safi huku, fifi kule. Siku ya kwanza alichambua vitonge vitatu, akalia. Mama alitaka kumsaidia, nikamzuia. Kumzuia kulikuwa kugumu kuliko kumlisha.

Machimboni hakurudi, na vifungo vya shati bado vinamshinda. Lakini leo anakula ugali kwa mkono wake wa kulia.

Ndugu zangu, pimeni shinikizo la damu. Aliyepatwa na kiharusi apelekwe hospitali saa ile ile, na mazoezi yaanze mapema kwa maelekezo ya mtaalamu. Nanyi vijana wa sayansi, udaktari si kazi pekee: fiziotherapia hufundishwa KCMC, Moshi. Nendeni mkasome, kisha mrudi huku kwetu.