Jongoo Yuko Mlangoni, Darasa Linatazama Ukuta

Mvua ikinyesha siku mbili tatu hapa pwani, jongoo hutoka. Hupanda kuta, huvuka vijia, huingia mpaka kwenye veranda za shule. Wakati huohuo, ndani ya darasa la chekechea la PP1, watoto wa miaka minne na mitano wameketi wakitazama ukuta. Mwalimu anagonga chati ya picha kwa kijiti na kuuliza, "Huyu ni nani?" nao wanajibu kwa pamoja, kwa sauti ya kuimba. Kipindi chenyewe kinaitwa Shughuli za Mazingira. Mazingira yako nje, yanatambaa kwa miguu zaidi ya mia, na mlango umefungwa.

Leo ninawaomba walimu na wazazi: ufungueni mlango huo. Sisemi safari ya basi mara moja kwa mwaka. Nasema kila wiki, hapohapo uani, chini ya mti uleule.

Nimeanza na jongoo kwa makusudi. Wengi wetu tumelelewa kwa kuambiwa tumwache au tumfagie. Ila hapa Mombasa jongoo amefanya kazi ambayo kila mtoto anastahili kuijua. Kule Bamburi, kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe miaka mingi kikaacha mwamba mtupu, mweupe, usioota kitu. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti juu ya mwamba ule. Mingi ikafa. Mvinje ukashika, lakini majani yake membamba yaliyodondoka yakabaki yamelala juu ya mwamba bila kuoza, na pasipo kuoza hapawi na udongo. Ndipo wakaletwa majongoo. Wakayatafuna majani yale, wakayatoa kama mbolea, na udongo ukaanza kujijenga kidogo kidogo hadi miti mingine ikapata pa kushika. Leo pale ni Haller Park, msitu ambao watu hulipa kiingilio kuutembelea.

Watoto wetu hupelekwa huko kutazama viboko, twiga na kobe wakubwa. Wanarudi na furaha, nami siwanyimi furaha hiyo. Lakini aliyetengeneza udongo wa msitu ule wamempita chini ya miguu yao, na wakirudi shuleni wanamkuta mlangoni akifagiliwa.

Chukua dakika thelathini, yaani kipindi kimoja cha chekechea. Watoto wachuchumae wamzunguke jongoo mmoja. Akiguswa kwa kijiti, hujikunja. Kwa nini? Hapo namsihi mwalimu anyamaze. Asubiri. Mmoja atasema amelala, mwingine ameogopa, mwingine atasema anaficha tumbo lake laini, na huyo ameona jambo ambalo chati isingemwonyesha. Kisha mwalimu awatajie tandu. Tandu ni bapa, ana mbio, ana jozi moja ya miguu kwa kila pingili, na huuma kwa sumu. Jongoo ni wa mviringo, hatua zake za pole, pingili zake nyingi zina jozi mbili mbili, na haumi. Hata hivyo hutoa majimaji yanayowasha macho, kwa hiyo aliyemshika anaosha mikono kwa sabuni kabla ya kujigusa uso. Mtoto anayeijua tofauti hiyo yuko salama zaidi kuliko aliyekatazwa tu, kwa sababu ipo siku atatoka peke yake na mwalimu hatakuwepo.

Wiki inayofuata jongoo anaweza kuwa ameshatoweka, na hilo nalo ni somo. Kuna kifaurongo, mmea unaofumba majani ukiguswa. Watoto waungojee waone utafumbua baada ya muda gani. Kuna vile vishimo vya duara kwenye mchanga mkavu chini ya ukuta, ambamo kidudu kimejizika kikimsubiri sisimizi ateleze, na akiteleza hurushiwa mchanga mpaka aanguke chini kabisa. Kuna kwera kwenye mnazi. Dume husuka kiota kwa majani mabichi, jike huja kukikagua, na kisipopendwa kikakauka, dume mwenyewe hukibomoa akaanza kingine. Mtoto aliyekitazama kiota kikiwa kijani, akarudi akakikuta cha kahawia, akarudi tena hakipo, amejifunza kufuatilia. Ndiyo maana nasisitiza mti uleule. Anayepelekwa mahali papya kila mara hustaajabu tu. Anayerudi palepale huanza kuuliza.

Wangari Maathai alipopokea Tuzo ya Amani ya Nobel kule Oslo, Desemba 2004, alikuwa na mengi ya kusema kuhusu miti na demokrasia. Hotuba yake akaifikisha mwisho kwa kijito cha utotoni mwake, alikokuwa akimtekea mama yake maji. Alisimulia alivyocheza kwenye majani ya nduma, akijaribu kuyaokota mayai ya vyura akidhani ni shanga, na yakimkatikia vidoleni kila mara. Baadaye akaona viluwiluwi kwa maelfu. Zaidi ya miaka hamsini ilipopita, kijito kile kilikuwa kimekauka. Alitambua kilichopotea kwa sababu alikuwa amekijua kijito kwa vidole vyake. Nawaza watoto wanaokua leo bila kukijua kijito chochote, na siku kitakapokauka nani atakayeona tofauti.

Najua pingamizi. Wazazi husema watoto watachafuka. Watachafuka kweli, na sare hufuliwa. Walimu husema wana watoto hamsini kila mmoja, na hapo sina jibu jepesi. Kazi ni nzito na serikali inapaswa kuajiri. Lakini mitaani mwetu kuna wazee wenye elimu isiyo kwenye chati yoyote: mama anayejua mkunazi huzaa lini, mvuvi anayeweza kueleza kwa nini mwezi ukiwa mchanga au mpevu huja bamvua na bahari ikakupwa mbali, kisha baada ya wiki yakaja maji mafu. Mwaliko mmoja kutoka kwa mwalimu mkuu unatosha. Mzee mmoja na watoto kumi kwa nusu saa ni msaada mkubwa.

Jambo linaloniumiza zaidi ni viwanja vyenyewe. Shule zinafunguliwa ndani ya majengo ya ghorofa, na uani pamejaa kabro na magari. Shule za umma nazo zinamegwa. Januari 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, waliangusha ukuta uliokuwa umejengwa kuutenga uwanja wao wa kuchezea, na polisi wakawarushia gesi ya kutoa machozi. Watoto wale walifahamu thamani ya ardhi ile kuliko wakubwa waliokuwa wakiitamani. Shule isiyo na ardhi haiwezi kuwa na kipindi ninachokizungumza, hata mtaala uandikwe vizuri namna gani.

Kwa hiyo mzazi, unapotafuta shule ya mwanao, umezoea kuuliza karo, basi na chakula. Uliza pia watoto wa PP1 hutoka nje siku gani, na mti wao ni upi. Muulize mwalimu mkuu hati ya kiwanja iko wapi, na usione haya kumuuliza. Ukikuta uwanja upo lakini hauna mti, peleka mche wa mwarobaini kabla masika hayajaisha, kisha mkubaliane na mzazi mwenzako nani ataumwagilia maji shule zikifungwa.