Blanketi la Sufu kwa Usiku wa Bisil

Ajabu ni kwamba Bisil, ambako siku ya mnada kondoo huletwa makundi kwa makundi kando ya barabara iendayo Namanga, haitoi sufu ya kujaza hata mto mmoja, kwani kondoo mwekundu wa Kimaasai aghalabu huvaa nywele tu. Sufu ya Kenya hutoka hasa kwa kondoo aina ya merino na koridali wa nyanda za juu, kama kule Molo.

Basi anunuaye blanketi la sufu na achomoe uzi mmoja ukingoni, autie moto: sufu huungua polepole, ikinuka nywele, ikaacha jivu lipondekalo vidoleni, ilhali uzi wa plastiki huyeyuka ukawa tone gumu, hata muuzaji aape vipi.

Sufu hunywa unyevu karibu thuluthi ya uzito wake kabla ya kuhisika imelowa, ndipo mlalaji asipate jasho wala baridi shadidi ya Julai. Anasa ya chumba, kwa rai yangu, huanzia hapo, si kwenye mito saba ya mapambo. Blanketi litandikwe juu ya shuka ya pamba, lifuliwe kwa maji baridi bila kukamuliwa, lianikwe kivulini likiwa limelazwa, na likung'utwe mara kwa mara, nondo wasitage mayai humo.