DAWA YA KICHINA: TUIULIZE KABLA YA KUIMEZA

(Mada iliyotolewa kwa vijana na familia, Cheptais, baada ya Swala ya Tarawehe)

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu vijana, mama zetu na wazee wetu, shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Baada ya hayo, nimepewa nafasi nizungumze juu ya dawa za mitishamba za Kichina, hizi zinazouzwa kwa pakiti na vichupa huko Bungoma na Kitale, na sasa zimetufikia hata sisi huku mlimani. Nitangulize kusema kwamba mimi si daktari. Nasomea ualimu. Lakini lililoifika familia yetu limenifunza jambo, na si vizuri nikae nalo peke yangu.

Mama yangu mkubwa ana ugonjwa wa sukari. Kwa miaka mingi alikuwa akimeza vidonge vya hospitali na kwenda kliniki bila kukosa. Ramadhani moja, siku ya soko, akaja muuzaji na meza yake, kipaza sauti, na kimashine ambacho mtu anakishika mkononi kisha anatajiwa magonjwa yake yote. Akamuuzia mama mkubwa kichupa cha vidonge chenye maandishi ya Kichina. Alipofika nyumbani akaniita: "Mwanangu, wewe ndiye msomi wetu. Hebu nisomee hii."

Nikakigeuza kile kichupa. Sikuelewa hata herufi moja. Lakini niliona haya kusema sijui. Nikamjibu, "Ni mitishamba tu, mama mkubwa. Haina neno."

Basi akawa anameza wakati wa daku, vya hospitali na vya Kichina pamoja, kisha anafunga. Siku ya nne, kabla ya alasiri, tulimkuta uani jasho baridi linamtoka, mikono inatetemeka, anatuita kwa majina ya watu waliokwisha kufa. Tukambeba kwa bodaboda hadi hospitali. Daktari akapima, akakuta sukari imeshuka vibaya. Akauliza, "Kuna dawa nyingine anayotumia?"

Wallahi, tulinyamaza. Mimi nilinyamaza. Tuliona aibu, tukaogopa kugombezwa. Mpaka binamu yangu mdogo, msichana wa darasa la saba, akakitoa kichupa mfukoni mwake akakiweka mezani. Alhamdulillahi, mama mkubwa yu hai mpaka leo. Lakini mpaka leo hatujui ndani ya vile vidonge mlikuwa na nini.

Je, dawa za Kichina ni mbaya?

Hapana, ndugu zangu. Tusihukumu kwa hasira. Wachina wana elimu kongwe ya tiba. Mganga wao mmoja aitwaye Ge Hong, aliyeishi katika karne ya 4, aliandika kuwa mmea wa qinghao ulowekwe majini na kukamuliwa, maji yake yanywewe kwa homa. Mtaalamu wa kike, Tu Youyou, akayasoma maandishi hayo katika miaka ya 1970, akatambua kuwa joto la kuchemsha ndilo lililokuwa likiharibu nguvu ya mmea ule. Akatumia njia isiyo na moto mkali. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakaipata artemisinini, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel.

Nani hapa hajapata kuumwa malaria? Vile vidonge vya AL ambavyo hospitali zetu zilianza kutoa mwaka 2006 vina dawa iliyotokana na mmea huo wa Kichina. Kwa hiyo wengi wetu tumekwisha kunufaika na elimu yao bila kujua.

Lakini angalieni tofauti. Kidonge cha AL kimepimwa. Tunajua ndani mna nini na kiasi gani: mtu mzima anameza vidonge 24 kwa siku 3, na lazima amalize. Chai ya majani ya mmea uleule haina kipimo hicho, na Shirika la Afya Duniani halishauri mtu atibu malaria kwa chai hiyo. Dozi pungufu humwacha mgonjwa na vijidudu, na inaweza kuvifundisha kuizoea dawa. Jirani zetu Uganda wamekwisha kugundua vijidudu vya malaria vilivyoanza kuizoea artemisinini. Na Uganda si mbali, ni hapo ng'ambo ya Lwakhakha tu.

Kila mti una masharti yake

Watu wanasema, "Ni ya asili, haiwezi kudhuru." Kwani sumu si ya asili? Katika tiba ya Kichina kuna mzizi uitwao fuzi. Ukiwa mbichi ni sumu inayoweza kusimamisha moyo. Waganga wenyewe huutayarisha kwanza, kisha huuchemsha kwa muda mrefu ili sumu ipungue. Sasa fikirini: qinghao huharibiwa na moto, na fuzi bila moto wa kutosha huua. Yule wa mezani sokoni anajua lipi ni lipi?

Hata mtaalamu hukosea. Mapema miaka ya 1990 huko Brussels, Ubelgiji, wanawake waliokwenda kliniki kupunguza unene walipewa dawa zenye mitishamba ya Kichina. Mmea mmoja ulichanganywa na mwingine kwa sababu majina yao ya Kichina yanafanana. Ule ulioingia kimakosa una asidi ya aristolokia. Zaidi ya wanawake 100 waliharibika figo, na baadhi yao baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo.

Tena kuna udanganyifu. Mwaka 2008 nchini Singapore watu 150 wasiokuwa na ugonjwa wa sukari walilazwa kwa sababu sukari yao imeshuka ghafla, na 4 wakafa. Wachunguzi wakakuta dawa ya hospitali ya kushusha sukari, glibenklamaidi, imetiwa kwa siri ndani ya dawa za nguvu za kiume na za mitishamba. Niliposoma habari hiyo, nilimkumbuka mama mkubwa.

Tufanye nini basi?

1. Uliza kilichomo. Pakiti iwe na lugha unayoisoma, jina la kila mmea, kipimo, jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho. Uliza kama imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Muuzaji akikasirika kwa kuulizwa, rudisha pesa zako mfukoni.

2. Usiache dawa ya hospitali wala usiichanganye na nyingine kimyakimya. Kuna mzizi mtamu uitwao gancao, unaotiwa katika dawa nyingi za Kichina. Ndio huo huo sus ambao Wamisri hunywa sharubati yake wakati wa futari. Ukizidi, hupandisha presha. Mzizi wa danshen nao huongeza nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, mtu akavuja damu. Mwenye presha, sukari, ugonjwa wa moyo au figo, na anayetumia dawa za virusi, aulize kwanza. Mama mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo, hao wasipewe kwa kubahatisha.

3. Usimeze dawa ya jirani. Mganga wa Kichina aliyesoma hutazama ulimi, hushika mshipa wa mkono, kisha huchanganya dawa ya mtu yule mmoja. Iliyomfaa fulani si lazima ikufae wewe.

4. Tazama uhalali wake. Wachina hutengeneza dawa iitwayo ejiao kwa kuchemsha ngozi ya punda. Kuanzia mwaka 2016 punda wa Kenya walichinjwa kwa wingi kwa ajili hiyo, wizi wa punda ukazidi, hata Umoja wa Afrika ukapitisha marufuku Februari 2024. Dawa nyingine zimelowekwa katika pombe. Waulizeni masheikh wetu.

5. Ijue hatari. Mtetemeko, jasho baridi na kuchanganyikiwa kwa mwenye sukari, mpe kitu kitamu papo hapo kama anaweza kumeza, hata kama imebaki nusu saa adhana ya magharibi. Macho ya manjano au mkojo kama chai ya rangi, acha dawa uende hospitali. Mgonjwa amepewa ruhusa na Mola wake kula na kulipa siku nyingine. Ruhusa hiyo ni rehema. Na mwenye sukari amwone daktari kabla ya Ramadhani, ampangie dozi zake.

6. Usimfiche daktari. Hili nililiacha mwisho ili mwondoke nalo. Beba kichupa chenyewe, kiweke mezani. Afadhali ugombezwe kuliko uzikwe.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila ugonjwa una dawa yake, na kwamba tujitibu. Vilevile ametufundisha kuwa anayejitia utabibu bila kujulikana kuwa na elimu hiyo, basi madhara yatakayotokea ni dhamana juu yake. Zamani nilidhani onyo hilo ni la waganga wa mitaani tu. Siku ile mama mkubwa aliponipa kichupa, mganga asiye na elimu nilikuwa mimi.

Kwa hiyo vijana wenzangu mnaosoma, wazee wetu watatuletea pakiti na vichupa, kwa sababu wanatuamini. Tukisoma tukaelewa, tuwaeleze. Tusipoelewa, tuseme, "Sijui, twende tukaulize." Neno hilo "sijui" lingemwokoa mama yangu mkubwa na adhabu ile.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na atutakabalie funga zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.