Njia ya Parseli ni ya Wote
Maneno ya kijana mmoja wa Birere mbele ya vijana wenzake



Nimeombwa niongee juu ya amani katika mtaa. Najua wengine mulingoja niongee juu ya mipaka na silaha. Leo nitaongea juu ya piki piki, na mahali zinapolala.

Birere munaijua. Haiko kartie moja kwenye karatasi za komini. Ni jina ya watu, inashika Mapendo, Mikeno, Kahembe. Nyumba za mbao zimebanana. Kwetu, familia tisa tunatumia mlango mmoja. Kutoka ku mlango mpaka nyumba ya mwisho kuna kanjia kadogo: mutu akinyosha mikono, anagusa mbao pande zote mbili. Usiku, ndani ya kanjia ile, zilikuwa zinalala piki sita na chukudu moja.

Musiulize kwa nini haziachwi inje. Piki inayolala ku avenue, asubuhi hauikuti. Tena wengi wa motari wetu, piki si yao. Kila jioni wanapelekea mwenye piki pesa yake, na ikiibiwa, deni linabaki kwao. Kwa hiyo kila mutu alipigania nafasi karibu na mlango, juu anayetoka saa kumi na moja ya asubuhi hawezi kuamsha watu watano kwanza.

Ilianza kwa maneno. «Hapo ni pangu.» «Ulipanunua lini?» Kisha usiku mmoja mutu akatoboa mupira ya mwenzake. Kisha mwingine akaita polisi. Motari mmoja akalala ndani siku mbili, akatoka kwa pesa, bila risiti. Tangu hapo majirani wawili hawakusalimiana tena, na watoto wao wakakatazwa kucheza pamoja.

Sasa munisikilize vizuri, juu hapa kuna aibu yangu. Nilimaliza chuo kikuu miaka miwili iliyopita. Diplome iko ndani ya plastiki, chini ya kitanda. Kazi hakuna. Jirani wa kwanza alikuja akaniambia: «Mudogo wangu, weye ulisoma, uniandikie plente.» Nikaandika kwa Kifaransa kizuri, akanipa dola tano. Siku tatu nyuma, yule mwingine akakuja na dola tano yake. Nikaandika tena. Barua zote mbili zilikuwa kali. Nilikula ku ugomvi wa majirani zangu, na hata siku moja sikuuliza: kukitokea hatari, sisi wote tutapita wapi?

Jibu lilikuja saa saba ya usiku. Moto ulitoka parseli ya nyuma, kwenye babula iliyoachwa na makala. Mbao kavu hazingoji. Tulikimbilia kanjia, tukakuta piki zimefungwa usukani, mbili zikiwa na munyororo, na wenye funguo wanazitafuta katika giza na moshi. Tulipanda juu ya viti vya piki, tukapitishana watoto mukono kwa mukono. Mama mmoja mwenye mimba alianguka katikati ya piki mbili, akavunjika mukono. Watu wa inje ndio waliobomoa mbao za pembeni, tukatoka.

Hakuna aliyekufa, tunashukuru Mungu. Mama muuza unga alipoteza mifuko yake yote, maana hakuna aliyeweza kupita na muzigo. Piki moja iliungua. Ni ya yule motari aliyelala polisi. Mpaka leo analipa deni ya piki ambayo haiko.

Wengine walisema, gari ya kuzima moto ingekuja. Wandugu, hata ingekuja na maji tele, ingesimama ku avenue.

Sisi watu wa Goma tunajua kukimbia. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya muji mpaka ku ziwa. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano kisha Nyiragongo kulipuka tena, guverneri aliagiza kartie kumi zihame, na Mapendo, Mikeno na Kahembe zilikuwa ndani. Munakumbuka njia ya Sake ilivyojaa magari, piki, na watu wenye magodoro ku kichwa. Lakini mbele ya kufika njia ya Sake, mutu anapaswa kwanza kutoka katika parseli yake.

Kisha ule moto tuliita mukubwa wa nyumba kumi, tukaikala chini, familia zote tisa. Tulipatana hivi. Piki zinapangwa upande mmoja tu wa lupango, mbali na babula, uso ukiangalia mlango. Anayetoka mapema ndiye analala karibu na mlango. Hakuna kufunga usukani: munyororo ni mmoja mrefu kwa wote, na funguo inalala kwa zamu. Wenye piki ndio wanamulipa zamu. Kanjia tuliichorea mustari wa rangi nyeupe, na ndani ya mustari hakuna kuweka kitu, hata ndoo.

Wale majirani wawili ndio walishika burashi. Hawajakuwa marafiki, lakini wanasalimiana.

Kunabaki jambo moja. Mwenye parseli alipangisha nafasi ya mbele kwa gari ya mufanya biashara mmoja, na gari ile inafunga nusu ya mlango. Tulimuuliza, akajibu: «Parseli ni yangu.» Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inasema udongo wa Kongo ni mali ya Serkali, mwenye karatasi amepewa haki ya kuutumia. Hakuna karatasi inayompa mutu haki ya kufungia familia tisa ndani ya moto.

Kusema hivi si kuondolea viongozi muzigo wao. Tutaendelea kudai maji, magari ya kuzima moto, na avenue zinazopitika. Lakini kiongozi hatakuja usiku kusogeza piki yako. Na ukiita polisi juu ya mita moja ya udongo, utalipa weye, atalipa jirani, na piki itabaki palepale.

Kwa hiyo nawaomba vitu vitatu. Leo mukirudi nyumbani, mupime njia ya kutokea kwenu. Wiki hii, muikale na majirani mbele ya ugomvi, si kisha. Na weye uliyesoma kama mimi, usiuzie majirani zako kalamu ili wapigane.

Siku ya posho, kisha salongo, familia zote tisa tutaenda pamoja kwa mwenye parseli. Barua iko tayari, imetiwa sahihi tisa. Niliiandika mimi, na hii sikulipisha mutu.