Bima Rahisi au Bima Ghali? Tuulize Kwanza

(Hotuba fupi kwa wawakilishi wa vikundi)



Wakala wa bima ya afya alikuja kikundini kwetu na mipango miwili: mmoja wa shilingi 200 kwa mwezi kwa kila nyumba, mwingine wa 500. Hatukuuliza mengi. Tuliinua mikono, 200 ikashinda.

Mwezi wa tatu, mmoja wetu alienda kujifungua akahitaji upasuaji. Karani alitazama kadi akasema: "Uzazi mpaka mwishe miezi kumi." Upande wa SHA alikuwa amejiandikisha lakini hajalipa, sawa na wengi wetu. Ng'ombe wa maziwa akauzwa. Tunashukuru Mungu, mama na mtoto ni wazima.

Kosa letu halikuwa kuchagua ya bei ya chini. Kosa ni kuuliza bei peke yake.

Basi tuanze na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Kujiandikisha ni bure, na kunakupa matibabu ya zahanati na kituo cha afya. Lakini ukilazwa hospitali, lazima uwe umelipa. Nyumba hutoa asilimia 2.75 ya mapato, isipungue shilingi 300 kwa mwezi. Asiyeajiriwa hutakiwa kulipa ya mwaka mzima, yaani si chini ya 3,600. Hapo ndipo kikundi kinasaidia: kila nyumba ikiweka shilingi 70 kwa wiki, mwaka ukiisha ina 3,640.

SHA ikishalipwa, mtu akileta bima ya kuongezea, tumuulize kabla ya kutia sahihi:

1. Inalipia kulazwa tu, ama pia dawa za kwenda na kurudi?
2. Uzazi na magonjwa ya zamani yamo? Tutangoja miezi mingapi?
3. Kwa mwaka inalipa mwisho shilingi ngapi, kwa mtu ama kwa nyumba nzima?
4. Ni hospitali gani ya karibu inayokubali kadi yake?

Hata ile ghali tusiikimbilie. Kama hospitali zake zote ziko mjini, nauli itatumaliza.

Katibu aandike majibu kitabuni, yasomwe kwa sauti, ndipo tuinue mikono. Sisi tulijifunza kwa ng'ombe wa mwenzetu. Ninyi jifunzeni kwa maneno haya.