Jino la Mnunuzi na Maji ya Mahindi

Kama umewahi kutumia redio ya zamani, ile ya kutafuta stesheni kwa kuzungusha kwa vidole, basi jambo la leo umekwisha kulishika mkononi. Ndani yake mna vibati vyembamba vinavyopishana bila kugusana. Mafundi huviita kapasita, yaani hifadhi ndogo ya umeme. Ukizungusha, uwezo wa hifadhi ile hubadilika, nawe unahama stesheni.

Sasa viache vibati vitulie, ubadilishe kilicho katikati yake. Mahindi makavu huongeza uwezo huo mara chache tu kuliko hewa. Maji huuongeza karibu mara 80. Kwa hiyo punje yenye maji hujulikana. Unganisha vibati hivyo na saketi ndogo, kama ile ya 555 iliyoingia sokoni mwaka 1972, navyo vitajaa umeme na kuumwaga maelfu ya mara kwa sekunde. Maji yakizidi, mapigo hupungua. Hesabu mapigo, utajua unyevu.

Wewe wa mjini yakuhusu nini? Yakuhusu ugali. Mwaka 2004 huko Kenya, mahindi yaliyowekwa na unyevu yaliota ukungu wenye sumukuvu, na watu 125 walikufa. Mwaka 2016, mikoani Dodoma na Manyara nchini Tanzania, sumu hiyo hiyo iliua watu 20.

Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Lakini bado wako wanunuzi wanaouma punje na kutamka, "Hayajakauka." Bei inashuka, mkulima hana la kujibu. Kesho jino hilo hilo linapitisha gunia bichi kwa sababu lori linangoja. Jino gani linalosoma nusu asilimia?

Tusidanganyane: kipimo hiki hakioni sumu yenyewe, na lazima kilinganishwe mara kwa mara na mahindi yaliyokaushwa kwenye tanuri na kupimwa uzito. Lakini huonya mapema, kabla ukungu haujaota.

Rai yangu ni moja. Mizani husomwa mbele ya muuzaji na mnunuzi. Unyevu nao usomwe hivyo hivyo, kwa namba, mlangoni mwa ghala. Jino tuliachie kazi yake ya kutafuna.