Tung'oe Kabla ya Maua

Ndugu vijana wa Satellite, tukipata kibarua cha msimu cha kung'oa magugu katika Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, tulijue gugu karoti. Majani yake yafanana na ya karoti. Maua ni madogo, meupe. Lilitoka Amerika. Linasonga nyasi, na wanyama hawalipendi.

Mmea mmoja waweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Basi tung'oe na mzizi kabla halijatoa maua. Tukichelewa, jamani, hapo tunapanda, hatupalilii! Tuvae glavu, maana linawasha ngozi na kubana kifua.

Mbegu husafiri kwa matope ya viatu na magurudumu. Tukiliacha kando ya barabara zetu hapa mtaani, jasho la mbugani litakuwa bure. Tuanzie nyumbani.